Nuru Kabla ya Jua: Maana ya Kutenganisha katika Mwanzo 1

Msomaji makini wa sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo hukutana na tatizo mapema sana. Nuru inaumbwa siku ya kwanza. Jua, mwezi na nyota vinaumbwa siku ya nne. Kati ya siku hizo mbili maji yanagawanywa, nchi kavu inatokea, na mimea inachipua na kutoa mbegu, yote hayo bila jua. Je, nuru ya siku ya kwanza ilitoka wapi? Na kama haikutoka kwenye jua, ilikuwa nuru ya namna gani?

Swali hili si geni, wala si la wapinzani wa dini peke yao. Origen wa Alexandria, aliyeishi karne ya pili na ya tatu, aliuliza ni mtu gani mwenye akili atakayedhani kwamba siku tatu za mwanzo zilikuwa na jioni na asubuhi bila kuwepo jua, mwezi wala nyota. Kwake, ugumu huo ulikuwa ishara kwamba maandiko haya yanadai kusomwa kwa maana iliyofichika zaidi. Basili wa Kaisaria, katika karne ya nne, alijibu kwa njia nyingine. Katika mahubiri yake juu ya siku sita za uumbaji alieleza kwamba nuru ni kitu kimoja na chombo kinachoibeba ni kitu kingine, kama moto ulivyo tofauti na taa. Siku ya kwanza ulikuja moto. Siku ya nne ikatengenezwa taa.

Katika insha hii sitajaribu kuthibitisha nuru hiyo ilitoka wapi. Nitauliza jambo ambalo naliona zito zaidi kwa maisha yetu: nuru hiyo inafanya kazi gani, na giza linabaki na nafasi gani? Hoja yangu ni kwamba katika Mwanzo 1 nuru haikuletwa ili kuliangamiza giza. Ililetwa ili mambo yaweze kutofautishwa na kuitwa kwa majina yake ya kweli. Kwa hiyo, anayedai kuwa na nuru amejitwisha wajibu kabla ya kujipatia sifa. Tukisahau hilo, neno “nuru” linaweza kugeuka silaha mkononi mwetu.

Kwanza niondoe njiani jibu moja linalowavutia wengi. Kuna wanaosema kwamba nuru ya siku ya kwanza ndiyo ule mlipuko mkubwa ambao wanasayansi wanasema ulianzisha ulimwengu. Aliyependekeza mwaka 1931 kwamba ulimwengu ulianza kama chembe moja iliyobeba kila kitu alikuwa padri Mkatoliki, Georges Lemaître wa Ubelgiji. Novemba 1951 Papa Pius XII alitoa hotuba iliyohusisha ugunduzi wa sayansi na amri ya Mungu ya kuleta nuru. Tungetarajia padri huyo afurahi. Hakufurahi. Alishikilia kwamba nadharia yake inapaswa kubaki nje ya mabishano ya dini. Naona alikuwa na sababu nzuri. Nadharia ya sayansi husimama kwa vipimo na inaweza kurekebishwa kesho. Tukiifunga kwenye aya ya Biblia, siku nadharia itakapobadilika tutalazimika kuibadilisha na aya. Isitoshe, mwandishi wa Mwanzo hakuwa akijibu swali la wanafizikia. Alikuwa na majirani wengine wa kubishana nao.

Majirani hao walikuwa watu wa Babeli. Wataalamu wengi wa Agano la Kale wanaona kwamba sura hii ilipata umbo lake karibu na wakati Wayahudi walipokuwa uhamishoni huko, katika karne ya sita kabla ya Kristo. Watu wa Babeli waliliabudu jua kwa jina la Shamash na mwezi kwa jina la Sin. Nguzo maarufu ya sheria za Hammurabi inamwonyesha mfalme huyo akiwa amesimama mbele ya Shamash. Ujumbe wake ni rahisi: mamlaka ya mfalme yanatoka kwa mwenye mwanga. Aliye karibu na jua ndiye mwenye haki ya kutawala.

Sasa tazama mwandishi wa Mwanzo anavyofanya. Hataji hata majina ya jua na mwezi. Anaviita mwanga mkubwa na mwanga mdogo, anavipa kazi ya kuangaza na kuhesabu majira, na nyota anazigusia kama nyongeza. Kiebrania kinatumia neno “or” kwa nuru ya siku ya kwanza na “maor” kwa mianga ya siku ya nne, na Biblia ya Kiswahili iitwayo Union Version imeihifadhi tofauti hiyo vizuri kwa kutumia “nuru” na “mianga”. Miungu ya Babeli imegeuzwa kuwa taa zilizotundikwa. Na kwa kuwa nuru ilikuwepo kabla ya taa zake, hakuna taa inayoweza kusema “nuru ni yangu”. Hakuna mfalme pia, kwa maana wakati nuru ilipokuja hapakuwa na binadamu hata mmoja wa kujivunia.

Tukiisoma siku ya kwanza polepole, tunaona matendo manne. Mungu anaamuru nuru iwepo. Anaiona kuwa ni njema. Anaitenga na giza. Kisha anavipa vyote viwili majina, mchana na usiku. Ninalotaka tulitazame ni lile ambalo halifanyiki. Mungu haliui giza. Halifukuzi. Ni kweli kwamba nuru ndiyo inayosemwa kuwa njema, lakini giza halisemwi kuwa baya. Linapewa mpaka, na ndani ya mpaka huo linapewa jina na saa zake.

Hili linaonekana waziwazi zaidi tukilinganisha na simulizi la uumbaji la Babeli, Enuma Elish. Humo mungu Marduk anapigana na Tiamat, mama wa maji ya kale, anamuua, anapasua mwili wake vipande viwili na kuufanya nusu yake kuwa mbingu. Huko ulimwengu unaanza kwa maiti ya adui. Katika Mwanzo hakuna adui wala maiti. Kuna sauti inayotenganisha na kutaja. Tofauti hiyo si ya mtindo wa kusimulia tu. Anayeamini kwamba utaratibu huzaliwa kwa kuua atatafuta mtu wa kuua kila anapotaka utaratibu.

Mwafrika mmoja wa kale aliuona umuhimu wa jambo hili baada ya kupita njia ndefu. Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste katika Algeria ya leo, alikaa miaka kama tisa miongoni mwa wafuasi wa Mani. Hao walifundisha kwamba nuru na giza ni falme mbili za milele zinazopigana, na kwamba mwanadamu ni uwanja wa vita yao. Walikidhihaki kitabu cha Mwanzo wakiuliza: kumbe Mungu alikuwa amekaa gizani kabla ya kuumba nuru? Augustino alipokuja kuwajibu, alisema giza si kitu chenye nguvu zake, wala si ufalme. Ni kutokuwepo kwa nuru, kama ukimya ulivyo kutokuwepo kwa sauti. Naliona jibu hilo kuwa na faida kubwa ya kimaadili. Kama giza si ufalme, basi halina raia. Hakuna mtu anayezaliwa akiwa wa giza.

Ningependa hata hivyo kwenda hatua moja mbele ya Augustino. Giza la Mwanzo si pengo tu. Ni sehemu ya siku. Katika hesabu ya sura hii, jioni inatajwa kabla ya asubuhi. Siku inaanza na usiku. Kwetu tunaotumia Kiswahili hili si geni. Kwa hesabu ya jadi ya pwani, usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, kwa sababu siku mpya huingia jua linapotua. Na katika Biblia yenyewe Mungu haogopi kukaa gizani. Musa anamwendea Mungu katika giza nene mlimani Sinai. Sulemani, akilifungua hekalu, anasema kwamba Bwana amechagua kukaa katika giza nene. Katika Isaya Mungu mwenyewe anajitaja kuwa muumba wa vyote viwili, nuru na giza.

Mimi ni Mnyarwanda, na lugha yangu ya kwanza ina methali inayosema “Imana yirirwa ahandi igataha i Rwanda”, yaani Mungu hushinda kwingine mchana kutwa, lakini usiku hurudi nyumbani Rwanda. Zamani, mama wa nyumbani alihakikisha kuna maji ndani kabla ya kulala, ili Imana apate ya kufinyangia mtoto tumboni. Katika fikra hiyo, usiku ndio wakati Mungu yuko nyumbani na yuko kazini. Jina hilohilo Imana ndilo linalotumika leo katika Biblia ya Kinyarwanda. Babu zetu hawakuwa wamesoma Mwanzo, lakini kuhusu jambo hili moja hawakuwa mbali nayo.

Nasema haya kwa sababu tumezoea kusikia, makanisani na hata darasani, kwamba wazee wetu “waliishi gizani” mpaka nuru ilipoletwa kwa meli. Henry Morton Stanley alikiita kitabu chake cha mwaka 1878 kwa jina la bara la giza, na mwaka 1890 akatoa kingine kuhusu Afrika yenye giza kuliko zote. Hapo nuru imepewa mwenyewe, imepewa rangi na bendera, na giza limepewa watu. Hiyo ni lugha ya Hammurabi mbele ya Shamash, na kwa kiasi fulani ni lugha ya Mani. Si lugha ya Mwanzo 1. Kiswahili chenyewe kinatutahadharisha kwa namna yake: mwanga, wingi wake mianga, ni kitu kinachoangaza, lakini mwanga, wingi wake wanga, ni mchawi wa usiku. Neno ni moja, na anayelisikia bila kutazama linavyotumika anaweza kumkaribisha mchawi akidhani amewasha taa.

Msomaji anaweza kunipinga kwa Agano Jipya. Je, Injili ya Yohana haisemi kwamba nuru na giza vinapingana? Je, Wakristo hawaambiwi waache matendo ya giza? Ni kweli, na sitaki kulipunguza hilo. Lakini tuangalie Yohana anasema nini hasa katika sura ya tatu. Anayechukia nuru ni yule ambaye matendo yake ni maovu, na anaikimbia ili matendo hayo yasijulikane. Giza linalohukumiwa hapo ni la kuficha. Ni mtu anayekataa jambo lake lionekane na liitwe kwa jina lake. Basi Yohana hapingani na Mwanzo. Usiku wa Mwanzo umetajwa jina na unajulikana mwanzo na mwisho wake. Giza la Yohana ni la mtu anayekwepa kutajwa. Mtu anaweza kuwa katika giza hilo saa sita mchana.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, na ndilo lililonifanya niandike. Nimesema kazi ya nuru ni kutenganisha. Lakini je, kutenganisha si ndiko kulikotuangamiza? Katika miaka ya 1933 na 1934 utawala wa Wabelgiji ulihesabu watu wa Rwanda na kuwagawia vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Miaka sitini baadaye, mwaka 1994, vitambulisho vya aina hiyo ndivyo vilivyodaiwa kwenye vizuizi vya barabarani, na Mtutsi aliyekionyesha chake alikuwa anakabidhi hukumu yake. Kama Mungu naye alianza kwa kugawanya, tutamwambia nini aliyesimama kizuizini?

Jibu langu linatoka ndani ya sura ileile. Baada ya nuru, kutenganisha kunaendelea: maji na maji, bahari na nchi kavu. Kisha mimea inatolewa kila mmoja kwa aina yake, na samaki, na ndege, na wanyama wa nchi, kila kimoja kwa aina yake. Neno hilo la aina linarudiwa tena na tena mpaka sikio linalizoea. Halafu inafika zamu ya mwanadamu, na neno halipo. Mwanadamu haumbwi kwa aina zake. Anaumbwa mmoja, kwa mfano wa Mungu, mwanamume na mwanamke. Mwandishi aliyekuwa mwangalifu kiasi cha kukataa hata kulitaja jua kwa jina hakulisahau neno hilo kwa bahati mbaya. Nuru ya siku ya kwanza inatenganisha vitu vyote, lakini inapofika kwa watu haioni aina mbili.

Wauaji walijua hilo, ingawa sidhani kama walilifikiria kwa maneno haya. Ili waue, ilibidi kwanza wabadilishe majina. Watu waliitwa “inyenzi”, yaani mende. Walihamishwa kutoka aya ya mwanadamu wakapelekwa kwenye aya ya viumbe vyenye aina. Na kuua kukaitwa “gukora”, yaani kufanya kazi. Mengi ya hayo yalitendeka mchana kweupe. Huko Nyamata na Ntarama yalitendeka ndani ya makanisa, mahali ambapo bila shaka habari za nuru zilikuwa zimesomwa mara nyingi. Leo makanisa hayo ni kumbukumbu za mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Jua halikuzimika. Kilichozimika ni uwezo wa kuita mtu mtu na kuita mauaji mauaji. Kama siku ya kwanza ya uumbaji ni kutenganisha kwa haki na kutaja kwa kweli, basi kilichofanyika hapo ni siku hiyo ikirudishwa nyuma.

Sisi wanafunzi na wahadhiri wetu tuna sababu ya pekee ya kutopita haraka hapa. Tunapenda kusema elimu ni nuru. Lakini Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa redio RTLM iliyosambaza lugha hiyo, alikuwa mwanahistoria na mhadhiri wa chuo kikuu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimtia hatiani mwaka 2003. Mwaka 2007 rufaa ilibatilisha sehemu ya hukumu na kupunguza kifungo cha maisha kuwa miaka 30, lakini hatia yake juu ya uchochezi wa redio hiyo ilibaki. Huyu hakukosa elimu. Alikuwa na taa nzuri sana. Ndiyo maana nasisitiza kwamba nuru na taa ni vitu viwili, na kwamba shahada, kama jua, ni kitu cha siku ya nne.

Kwa hiyo tukiulizwa maana ya nuru katika simulizi la uumbaji, mimi najibu kwamba ni uwezo na wajibu wa kuona tofauti iliyopo, kutobuni tofauti isiyokuwepo, na kukipa kila kitu jina linalokistahili. Wajibu huo una gharama. Unatudai tukubali kwamba wazee wetu walimjua Mungu usiku kwa namna yao, bila kusema kila walichofanya kilikuwa chema. Unatudai tukosoe makosa ya mwenzetu bila kumfanya yeye mwenyewe kuwa kosa. Unatudai, tukisikia watu wanaitwa wadudu, nyoka au takataka, iwe redioni, kwenye simu au katika utani wa bweni, tuseme palepale kwamba jina hilo ni la uongo, kabla halijazoeleka.

Usiku utaendelea kuja, na sura ya kwanza ya Mwanzo haikuahidi vinginevyo. Usiku tuuache uwe usiku, tulale, na watoto waumbike. Lakini mtu tumwite mtu, mchana na usiku.